Waliokufa Mwaka Mmoja na Mama

Alhamisi, Juni. Lundo. Upepo mkali, ziwa limechafuka, ila jua lipo.

Jana nimeondoka Mbinga na makoti mawili mwilini, na sasa nimebaki na fulana. Huko juu watu wanavuna kahawa huku wanatetemeka. Huku chini wanaanika usipa, wale dagaa wetu wa ziwani, na wananicheka kwa koti nililoning'iniza begani kama mgeni.

Nimekuja kwa ajili ya kaburi la mama. Kesho fundi anamaliza kulijengea na kusimika msalaba, na ameniomba kitu kimoja tu: mwaka. Anauchora kwa msumari saruji ikiwa mbichi. Ikishakauka, kosa litabaki pale hata mimi nikishazikwa.

Mwaka siujui.

Najua nilizaliwa Agosti, cheti cha ubatizo kinasema hivyo. Najua mama aliugua, akashuka huku kwao Lundo kuuguzwa, mimi nikiwa mgongoni, akafia hapa. Baba akanirudisha kwao Mpepai, huko juu Mbinga, nikalelewa na shangazi. Shangazi anakumbuka jambo moja tu, kwamba nilikuwa sijaanza kutembea. Kwa hiyo mama alikufa ama mwaka ule niliozaliwa, ama uliofuata. Baba hakupenda kuzungumza habari hizo, na sasa naye hayupo. Picha ya mama sina. Kumwandikia mwaka wa kubahatisha kunaniuma kuliko nilivyotarajia.

Nisingelifikiria sana hili kama si foleni. Mimi ni dereva wa lori la makaa ya mawe, na pale mgodini Ngaka ukisubiri kupakia, rafiki yako ni simu. Juzi nikaangukia ukurasa wa watu mashuhuri waliokufa mwaka 1520. Sijui hata nilifikaje, nilianza na bei ya matairi. Palikuwa na mchoraji wa Italia aliyekufa siku ya Ijumaa Kuu, umri wake bado mdogo. Palikuwa na mfalme wa ng'ambo ya bahari ambaye mji wake ulijengwa katikati ya ziwa. Alikufa wageni wakiwa wameshaingia ndani. Na sultani wa Waturuki aliyefia safarini. Huyo nilimwonea huruma ya kidereva.

Hawakujuana hao. Hakuna aliyejua anaondoka mwaka mmoja na nani. Sasa wamepangwa pale pamoja kama majirani, na mimi nikajiuliza: mama yangu je, yuko na nani?

Basi jana jioni nikamuuliza mjomba, mdogo wake mama. Mjomba ni mtu wa kujibu kabla hujamaliza swali.

"Mwaka wa namba siujui, mjomba. Ila alikufa mwaka mmoja na Mwalimu Stefano, zilipita wiki chache tu kati yao. Nenda kasome msalaba wake."

Kumbe rahisi hivyo! Asubuhi nimekwenda. Kaburi la Mwalimu, pale pale nyumbani kwake, lina vigae, lina jina, lina mwaka: ule uliofuata baada ya kuzaliwa kwangu. Nikapiga picha, nikaanza kutafuta namba ya fundi. Halafu nikaona haya kuondoka bila kumsalimu mjane wake, Bibi Anjela, aliyekuwa barazani anapeta mchele. Nikampa shikamoo, nikamweleza kilichonileta. Akacheka mpaka mchele ukamwagika.

"Mjukuu wangu, huo mwaka tuliutoa kwako!"

Mwalimu alikaa muda mrefu bila msalaba. Watoto wake walipopata uwezo wa kumjengea, hata wao mwaka walikuwa hawaujui. Wakauliza kijijini, na kila mtu akawajibu lile lile: Mwalimu alikufa mwaka aliokufa mke wa Mmatengo wa huko juu, yule dada aliyeacha mtoto ananyonya. Wakamtuma mtu apande mpaka Mpepai kuulizia huyo mtoto kazaliwa lini.

Mtoto mwenyewe ni mimi.

Nilikwenda kuazima mwaka kwa watu waliouazima kwangu. Nikaitazama ile picha kwenye simu.

"Sasa bibi, mlijuaje kama si mwaka ule ule niliozaliwa?"

"Meno," akasema. "Siku ya kumzika mama yako nilikubeba mimi. Ulilia, nikakupa kidole unyonye. Ukaning'ata! Yalikuwa mawili, ya chini."

Mimi ni mtu wa kubisha. Nikamwambia wapo watoto wanaoota meno mapema. Akanitazama kama vile mimi ni mwanafunzi wa mume wake.

"Na pale msibani tulichoma mahindi mabichi. Haya, niambie, kabla ya Krismasi hapa Lundo mahindi mabichi utayatoa wapi?"

Nikahesabu toka Agosti: kweli, ni mwaka uliofuata. Nikalia, na si kidogo. Maisha yangu yote nilijua kwamba siku ile mama alizikwa. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba siku ile mtu alinibeba.

Tangu hapo sijatulia, nawaza. Mwalimu Stefano alifundisha nusu ya watu wa mwambao huu. Mama hakumfundisha mtu yeyote, alikufa bado binti mbichi. Lakini walipoutafuta mwaka wa Mwalimu, waliupata kwa mama. Kama Lundo ingekuwa na ukurasa wake kwenye simu, Mwalimu angeandikwa chini ya jina la mama yangu.

Fundi amepiga sasa hivi kuuliza kama mwaka umepatikana. Nimempa, bila wasiwasi.

Kesho nitasimama mwenyewe pale akiuchora. Bibi Anjela nimemwomba aje kushuhudia, na amekubali, kwa sharti kwamba safari hii nisimng'ate.