Rodi Niliyoigeuza

Jumapili, mchana. Upepo wa Agosti umeamka na hasira zake, vumbi linaingia hadi humu intaneti kafe na kibodi inakwaruza chini ya vidole. Watu wako kanisani. Mimi sikwenda. Nikikaa nyumbani nasikia kila gari linalopita, na kila likipita moyo unaruka.

Naogopa. Sijui niliweke vipi zaidi ya hivyo.

Anayepita hapa kwenye shajara yangu ya mtandaoni kwa mara ya kwanza asije akadhani mimi ni fundi. Mimi ni karani wa masjala, nashinda na mafaili. Lakini tangu biashara ilipofunguliwa na injini kuukuu za Japani kujaa kwenye maduka ya spea, nilishikwa na ugonjwa. Nilikuwa nimeona kwenye kanda za video magari ya Wamarekani yaliyokatwa paa na kushushwa, injini ziko nje zinang'aa, nikasema kwa nini na Dodoma tusiwe nayo. Nikanunua Landrova bovu kwenye mnada. Nikalikata paa, nikalitia injini nyingine, nikalishusha mbele mpaka likawa linatembea kama mbwa anayenusa. Watoto wa mtaani wakiliona wanapiga makofi, na mimi, mtu mzima mwenye mke na mtoto, nilikuwa nayapenda sana yale makofi.

Sasa gari ukilishusha, rodi inayopeleka usukani kwenye magurudumu nayo inashuka. Yangu ikawa inagonga mawe. Nikaamua kuigeuza, ncha zake zisiingie tena kutokea chini bali kutokea juu. Sentensi moja tu, lakini ndiyo iliyoninyima usingizi. Tundu la kwenye mkono wa gurudumu upande mmoja ni pana na upande wa pili ni jembamba, kama faneli, na shingo ya boljointi, kile kiungo cha kwenye ncha ya rodi, imechongwa vivyo hivyo ili vikumbatiane. Ukiigeuza rodi bila kulichonga tundu upya, shingo inakaa ukingoni tu. Inabaki kushikwa na nati peke yake.

Nililijua hilo tangu mwanzo. Nilipanga mkereza vyuma alichonge tundu, lakini umeme ulikuwa wa mgao, na siku yangu ilipofika mashine yake ilikuwa imelala. Nikaikaza nati kwa nguvu zote nilizo nazo ili nilisogeze gari kutoka gereji hadi nyumbani. Kulisogeza tu, nilijiambia.

Tatizo ni kwamba liliendesheka vizuri.

Usukani ulikuwa mwepesi, halikuvuta kushoto wala kulia. Nikazunguka mtaa. Nikazunguka tena. Ijumaa jioni nikajigamba mbele ya shemeji yangu Elia, kaka wa mke wangu Mage, kwamba gari limekamilika. Habari ya nati sikuitaja.

Jana asubuhi Elia akaja na mama yao. Alikuwa anampeleka hospitali ya misheni kule Mvumi akatolewe mtoto wa jicho, na basi lilikuwa limewaacha. Nilisikia sauti ya mama mkwe uani nikabaki chumbani. Asiye wa kwetu atacheka, lakini sisi Wagogo tunaoshika mila, mama mkwe humsogelei. Humtazami usoni wala huketi alipoketi yeye, na salamu inapita kwa mtu mwingine. Tangu nimuoe Mage sikuwahi kusema na mama yake neno hata moja ana kwa ana.

Mage akaingia kuomba ufunguo wa gari. Nilitaka kusema mwite Elia huku nimnong'oneze jambo. Kisha nikafikiri: atamwomba mama yake amsubiri, mama atauliza kuna nini, na jibu litakuwa kwamba mkwe wake anayesifiwa mtaa mzima ametengeneza gari la kusimama tu, si la safari. Nikampa Mage ufunguo. Nikaenda mlangoni nikitumaini kumwona Elia yuko peke yake. Mama alikuwa ameketi katikati ya ua, kati yangu na gari. Nikarudi ndani. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia kama mwizi nyumbani kwangu, injini ikawaka.

Nikawaza tu: wakienda polepole hawatakuwa na shida. Halafu nikamkumbuka Elia. Elia hajawahi kwenda popote polepole.

Simu yake ikawa haipatikani, na ukishatoka mjini kule mtandao hakuna. Nikakimbia kwa jirani nikaazima pikipiki, hata shikamoo kwa baba yake aliyeketi mlangoni sikutoa.

Kwenye ile barabara ya udongo kila kona niliiona kwanza kichwani kabla ya kuifikia. Magurudumu yameelekea mtaroni, ushungi wa mama mkwe umetanda juu ya miiba. Mahali fulani nikakuta watu wamekusanyika kando ya njia, wameinama. Karibu niangushe pikipiki. Kumbe ni gunia la mkaa lililopasuka, wanaokota. Sikuweza hata kuwasalimu. Nilikuwa nalia na vumbi linanikauka usoni.

Niliwaona karibu na mteremko wa kwenda korongoni. Nikapiga honi. Elia akageuka, akanitambua, akacheka, akanyoosha mkono juu, akaongeza mwendo. Alidhani nimekuja kushindana naye! Nikapiga tena, naye akajibu kwa honi, pii piii, kama tuko kwenye msafara wa harusi. Mama mkwe naye akageuka. Aliponiona mimi akafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa heshima angefanya: akajifunika uso kwa kanga akatazama pembeni.

Upepo ulikuwa unasukuma vumbi lote upande wa dereva. Njia iliyobaki ilikuwa upande wa mama. Nikaingia hapo, nikamkaribia kiasi cha kumgusa, nikapiga kelele.

"Mama! Mwambie asimame! Mama, mtakufa!"

Akafunua uso. Akanitazama, nami nikamtazama. Kisha akamgeukia mwanawe na kumkamata sikio kama anavyokamatwa mtoto aliyeiba sukari, na Elia akakanyaga breki.

Walisimama mteremko ukiwa hatua chache mbele yao.

Nililala chini ya gari. Nati ilikuwa imejilegeza hadi ncha ya mwisho. Nikaishika ile boljointi kwa vidole tu, ikanyanyuka, ikatoka kwenye tundu. Elia aliinama akaiona. Kisha akasema, "Shemeji, si tufunge na waya tu? Tutaenda taratibu. Mama ana miadi."

Na mimi, shajara, nikatafuta waya.

Nakwambia ukweli kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Nilikuwa nimetoka kulia njia nzima, halafu nikapapasa nyuma ya kiti kutafuta waya, na kichwani nikawa tayari nahesabu uzungushwe mara ngapi. Mama mkwe ndiye aliyenizuia. Alikuwa ameshuka mwenyewe, amesimama barabarani na lile jicho lake lenye ukungu.

"Baba Rehema," akaniita. "Hili ulilijua kabla hatujaondoka?"

Elia akawa wa kwanza kujibu, "Mama, vyuma hivi haviaminiki..."

"Sijakuuliza wewe."

"Nililijua, mama," nikasema.

Hakunitukana. Alijifunga kanga kiunoni, akamshika Elia bega ili amwongoze njia, akaanza kutembea kuelekea Mvumi. Baadaye lori la mahindi likawapakia, nililiona likisimama mbali kule chini. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Niliifungua rodi yote, nikaifunga kwenye pikipiki, nikaliacha gari pale pale lilipo.

Mage amepata habari kwamba mama amefika salama. Kwangu hajasema mengi. Anapika, ananiwekea chakula, anaondoka.

Lakini hofu iliyonileta hapa si ya jana. Leo asubuhi, nikiwa nanawa uso, nilijikuta nawaza: nati kubwa zaidi, na pini mbili za kuizuia isilegee, na rodi ingefika Mvumi na kurudi. Niliwaza kwa utulivu kabisa, maji yakinidondoka kidevuni, na wazo likaniridhisha. Sikujua kama mtu anaweza kujiogopa namna hii.

Kesho Mage atapeleka rodi kwa mkereza ikakatwe vipande. Nimemwomba aende bila mimi, na asikubali nimsindikize hata nikimbembeleza. Nikifika pale nitaanza kubishana kwamba bado inafaa.