Sarafu Tatu za Paker

Jumapili jioni, nyumbani Kajiado. Upepo umevuma kutwa, vumbi limeingia hadi kwenye chai.

Nina aibu.

Mama mkwe wa dada yangu Naserian amekuja kutoka Ireland, mara yake ya kwanza. Mama amempa kondoo, na kwa desturi yetu hawataitana tena kwa majina. Wataitana "Paker", jina la waliopeana kondoo. Mgeni alilitamka vibaya, kwa furaha, tena na tena.

Kisha akafungua kipochi chake, akampa Mama sarafu tatu za yuro moja moja, kwa mikono miwili, kama Naserian alivyomfundisha.

Mimi huuza vifaa vya ujenzi Kitengela, na hujisifu kwamba pesa bandia hainipiti. Nikazichukua kutoka mkononi mwa Mama, nikazigeuza. Moja ina kinubi, moja tai, moja bata wawili wakiruka. Nikasema kwa Kimaa, lugha yetu Wamaasai, kila mtu wa kwetu asikie:

"Mama, umepewa vifuniko vya soda. Pesa moja itakuwaje na migongo mitatu?"

"Basi kondoo arudi zizini!" shangazi akadakia. Boma zima likacheka.

Mgeni naye akacheka, kwa sababu alituona tunacheka.

Naserian hakucheka. Alimwomba tu mgeni atueleze pesa yao. Kumbe nchi nyingi huitumia pamoja. Upande mmoja wa sarafu unafanana kote. Upande wa pili kila nchi huweka alama yake. Kinubi ni cha kwao, tai ni wa Ujerumani, bata ni wa Finland, na zote hununua mkate uleule. Mgeni akatoa na noti yenye picha ya daraja. Mama akauliza liko mto gani. Haliko popote, akasema. Lilibuniwa tu, nchi yoyote isije ikaona wivu.

"Nipe zangu," Mama akaniambia. "Hata zingekuwa vifuniko, ni za Paker wangu."

Hilo ningelivumilia. Lakini baadaye, tukiwa wawili mlangoni, mgeni aliniuliza tulikuwa tunacheka nini.

Nikamwambia ni furaha ya kumpokea.

Akanishika mkono, akanishukuru.

Kesho anaondoka baada ya chai. Nitamwambia kabla hajaketi, mimi mwenyewe, bila Naserian kunitafsiria. Kiingereza changu cha sekondari kilinitosha kudanganya. Kitanitosha kuomba msamaha?