Paa Dogo Juu ya Herufi

Ty'n-y-graig
9 Februari 1992

Mabli,

Salamu. Nakusalimu kwa sababu babu yako alinifundisha adabu, si kwa sababu unastahili. Mimi mzima, ila goti la kulia linauma mvua ikinyesha, na mvua ya kwetu unaijua. Mbwa mzima. Kondoo wazima, na hapo ndipo yalipo maneno yangu.

Jana mtu wa posta aliniletea bahasha ya ofisi yenu ya hifadhi. Imeandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo tangu nikulee sijawahi kukuomba ndani yake hata chumvi. Inasema kuanzia tarehe mosi Aprili, kwa miaka mitano, kondoo wangu wasikanyage jabali, kwa kuwa wanakula lile ua dogo la manjano la Februari, ambalo nchi nzima haliko pengine. Nikasoma mpaka chini nione ni mpumbavu gani ametia sahihi. M. Prys. Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. M. Prys bado alikuwa pale.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuchukua ukiwa na miaka sita, wiki aliyozikwa baba yako, kaka yangu, nikakubeba mgongoni hadi juu ili uache kulia. Ni mimi niliyekuonyesha hilo ua. Na kondoo walikuwa wapi siku hiyo? Walikuwa wamelala pembeni yake, wanacheua.

Halafu jina. Barua inaliita jabali letu "Craig Wyn", tena inaeleza eti maana yake ni Jabali Jeupe. Jeupe! Jiwe jeusi kama sufuria ya kuni! Ni Craig yr Ŵyn, Jabali la Wanakondoo, na ile w ina paa dogo juu yake. Nilikufundisha kulichora paa hilo kwa kipande cha mkaa, hapa hapa mbele ya moto. Mwingereza akikosea namsamehe, hajui. Wewe unajua. Umeling'oa paa, umewafukuza wanakondoo kwenye jina lao wenyewe, kisha umetia sahihi.

Nijibu kwa lugha yetu, au usijibu kabisa.

Shangazi yako,
Nest


Caerdydd
20 Februari 1992

Shangazi mpendwa,

Salamu za heshima. Pole na goti. Mimi mzima wa mwili, moyo sijui.

Usinifokee kama mtoto. Nina miaka thelathini na moja. Mwezi huu nimetambaa kwenye lile jabali kwa magoti siku nne nikihesabu maua. Nilipokuwa shuleni yalikuwa zaidi ya mia mbili. Sasa ni arobaini na moja. Na nilimwona kwa macho yangu kondoo wako mmoja, yule mwenye doa jeusi puani, akikata matatu mfululizo huku akinitazama. Unataka niandike nini? Kwamba nampenda shangazi yangu, kwa hiyo ua la mwisho liliwe?

Jina lilitoka kwenye ramani. Barua hupigwa na karani, zote kwa mfano mmoja, mimi nasaini tu. Kweli ningeweza kulirekebisha. Nilikuwa na barua thelathini mezani siku ile. Na ningekataa kusaini, angesaini mtu mwingine, asiyejua hata lango lako linafunguka upande gani.

Ni miaka mitano tu, Shangazi. Kisha watarudi.

Mwana wa kaka yako,
Mabli


Ty'n-y-graig
2 Aprili 1992

Mabli,

Salamu. Sote wazima, asante kwa kuuliza, ingawa hukuuliza.

Tuliwashusha jana. Ifor jirani alikuja na mbwa wake wawili, na unajua Ifor hazungumzi akifanya kazi. Jana alizungumza. Tulipofika ndani ya ule ukuta wa watu wa kale kule kileleni, tukawakuta majike wamelala kama kawaida yao, akaniuliza, "Nest, hawa tunawahamisha au tunawazika?" Nikamwambia, "Kamuulize mwanangu, yeye ndiye msomi." Akatema mate, akaendelea kupiga mluzi.

"Kisha watarudi," unasema. Nani atarudi? Umesahau neno *cynefin*, au nalo halimo kwenye ramani? Pale mpakani kuna ukuta wowote wa kuwazuia? Kuna waya? Kondoo wetu wanakaa pale kwa sababu kila jike alizaliwa pale, akamfuata mama yake, naye mama yake alimfuata wake, kurudi nyuma mpaka tusikojua. Mpaka wa jabali umo miguuni mwao. Hiyo ndiyo cynefin. Huinunui sokoni. Wakikaa chini miaka mitano, wanaokumbuka watakufa, na wanaozaliwa watakuwa hawajui lolote. Utaleta kondoo wa kununua, uwaachie pale juu, na siku ya tatu utawakuta mjini Dolgellau, mlangoni kwa muuza mikate.

Hukusimuliwa habari za machimbo? Watu wa kampuni walipokuja kulibomoa jabali wapate kokoto za barabara, walikuwa wameshakula bega lote la magharibi. Wanasema jiwe lile lilikuwa moto uliopoa chini ya ardhi kabla hakijawapo kiumbe chenye mguu, kwa hiyo ni gumu na barabara inalipenda. Babu yako hakuwa na wakili. Alikuwa na kondoo. Kila asubuhi wenye baruti waliwafukuza, kila asubuhi kondoo wakarudi kulala juu ya matundu ya baruti, kwa sababu hapo ndipo kwao. Miezi saba! Mwisho mwenye kampuni alichoka akaenda kubomoa mlima wa watu wengine. Hilo ua lako lipo leo kwa sababu ya kondoo, ewe mtoto usiye na shukrani, na wewe umewalipa kwa barua.

Usiniandikie tena.

Shangazi yako, nikiwa bado ni shangazi,
Nest


Caerdydd
18 Februari 1996

Shangazi mpendwa,

Salamu nyingi. Kadi zangu za Krismasi, miaka minne, hukujibu hata moja, nami nimezoea. Barua hii naomba uisome hata kama utaichoma baadaye.

Wiki iliyopita nilikuja kuhesabu. Miiba imeshuka kutoka kwenye machimbo na kufunika vibaraza vyote vya mwamba upande wa kusini. Magugu ya kangaga yamejaa mpaka kwenye ukuta wa kale. Udongo pale ni mwembamba kama shuka, na sikujua kama miiba ingeweza kuushika hivyo. Wale kunguru wa miguu myekundu hawapo. Nimewauliza wenzangu wanaochunguza ndege, wakaniambia wanakula wadudu wa kwenye mavi ya kondoo, na bila mavi wamehama. Kozi, wale ndege wawindaji, wamebaki, wao hawamhitaji mtu.

Maua ni tisa. Nimehesabu mara tatu. Tisa, Shangazi. Kilichoyapunguza mwanzo bado sikijui, lakini kondoo wako walikuwa wanakata vichwa vitatu vinne tu, na kwa kufanya hivyo walikuwa wanakula kila kitu kingine ambacho kingeyafunika. Nilisoma miaka sita chuoni na sikuliona hilo, na lilikuwa limeandikwa kwenye jina la jabali.

Najichukia. Sijui kusema vingine.

Nilipita mbele ya nyumba yako. Moshi ulikuwa unatoka. Sikubisha hodi.

Je, kuna kondoo aliyebaki?

Mwana wa kaka yako,
Mabli


Ty'n-y-graig
25 Februari 1996

Mabli,

Salamu. Mimi mzima. Goti limekufa rasmi, natembea na fimbo ya babu yako.

Ulipita mbele ya mlango wangu hukubisha hodi! Ya kondoo nilikuwa nimeshaanza kukusamehe, sikufichi, kwa sababu ujinga ni ugonjwa na mtu hupona. Lakini kunipita! Nilikuona. Nilikuwa dirishani na birika mkononi. Nikasema, anakuja, nikatoa vikombe viwili. Vile vikombe vilikaa mezani hadi Jumapili, na Ifor alipotaka kunywea kimoja nikamfukuza.

Umeuliza kondoo. Niliuza karibu wote, ningewalisha nini? Nilibakiza majike sita wa zamani katika kiwanja cha nyuma. Kila jioni walisimama kwenye kona ya juu, pua zimeelekea jabali. Miaka minne, kila jioni. Ukitaka kujua wewe na ofisi yenu mmefanya nini, njoo usimame pale nao.

Amebaki mmoja. Yule yule uliyemshtaki, mwenye doa puani. Anaitwa Modlen. Ana miaka kumi na mmoja na hana meno, namchemshia uji wa shayiri kama bibi kizee mwenzangu. Ana binti aliyezaliwa mwaka jana, hajawahi kufika juu. Ifor atanipa wanakondoo majike kumi na wawili. Modlen akipanda, binti atamfuata, na wale wengine watamfuata binti. Modlen atawazungusha kwenye mpaka wote, naye anaujua kuliko ramani yenu. Akifa kabla, basi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ningeweza kufungua lango kesho. Sifungui, kwa sababu najua ni jina la nani liko kwenye barua ya kwanza na ni nani watamfukuza kazi. Kwa hiyo leta ruhusa. Iwe kwa lugha yetu, na jabali liitwe jina lake, paa likiwa mahali pake. Kwa karatasi ya Jabali Jeupe hapandi hata kupe.

Na fanya haraka.

Shangazi yako,
Nest


Caerdydd
28 Machi 1996

Shangazi mpendwa,

Salamu nyingi sana, kwako, kwa Ifor, na kwa Modlen mshtakiwa.

Nimepata! Nimegombana kwenye mikutano mitatu. Mkubwa wetu aliniuliza mtaalamu gani amesema kondoo warudi. Nikamwambia ni mwanamke ambaye familia yake imekaa chini ya jabali lile tangu kabla ofisi yetu haijawa na mlango. Akacheka. Nikamwambia, "Ukicheka tena nitasoma kwa sauti hesabu ya maua, mwaka baada ya mwaka, mbele ya waandishi wa habari." Hakucheka tena.

Ruhusa imo humu ndani, kwa lugha yetu. Mashine ya ofisi haina herufi yenye paa. Nimeyachora yote kwa kalamu, mapaa kumi na moja kwenye kila moja ya nakala tano. Karani ananiona nimerukwa na akili.

Kasoro ni moja. Wamekataa kuruhusu kabla ya tarehe mosi Mei, hata siku moja. Nilipiga meza, nikashindwa. Ni wiki tano tu. Nakuomba mvumilie, wewe na Modlen.

Na nisamehe kwa vikombe.

Mwana wa kaka yako,
Mabli


Ty'n-y-graig
4 Mei 1996

Mwanangu Mabli,

Salamu. Usiulize hali zetu, nakwambia mwenyewe.

Modlen alikufa tarehe ishirini na tatu Aprili. Siku nane, Mabli. Siku nane! Asubuhi nilimkuta kwenye kona ile ile ya juu, amepiga magoti, pua kwenye waya.

Nisikilize sasa, maana nimekasirika kuliko siku ya barua ya kwanza, na safari hii sijui nimkasirikie nani. Tarehe ishirini alikataa uji. Nikajua. Nikashika kitasa cha lango nimpandishe kwa wizi, nani angeona? Kisha nikafikiria yale mapaa yako kumi na moja ya kalamu. Nikasema, mtoto amepigana, nisimharibie. Nikalifunga. Nimetii sheria ya wajinga mara moja maishani, kwa ajili yako, na hayo ndiyo malipo yake.

Tarehe mosi niliwapandisha hata hivyo, kwa miguu ya Ifor, binti wa Modlen na wale kumi na wawili wa Ifor, na ruhusa yako mfukoni. Walikaa mpaka saa sita mchana. Jioni Ifor akawaleta kutoka barabarani. Juzi vivyo hivyo. Jana wawili walikuwa kwenye uwanja wa kanisa wanakula maua ya makaburi, na mchungaji akasema, "Nest, hawa wamekuja kusali?" Sikucheka.

Kondoo asiye na mama anaweza kufundishwa na mtu. Babu yangu alifanya hivyo baada ya theluji kubwa iliyoua majike. Unapanda nao alfajiri, unatembea kwenye mpaka wote, jiwe kwa jiwe, kila anayevuka unamrudisha, unashuka nao jua likizama. Kila siku, miezi sita, labda mwaka. Mpaka usio na ukuta hauandikiki. Lazima mwenye kuufundisha awe alifundishwa kwa miguu. Ifor haujui, ana mlima wake. Jana nilijaribu mimi. Nilifika penye chemchemi, goti likagoma, nikashuka kwa matako kama mtoto mchanga, mbwa ananionea aibu.

Kwa hiyo amebaki mmoja tu duniani aliyezunguka mpaka ule nyuma ya mtu anayeujua, kila siku ya likizo, tangu ana miaka sita, akilalamika njaa. Usiniambie umesahau. Miguu haisahau, hata ya wasomi.

Maua tisa hayatangoja ofisi yenu ijadili. Likizo au kuacha kazi, utajua mwenyewe. Sitaki maelezo wala pole. Sitaki hata paa moja zaidi la kalamu. Ukijibu kwa barua, nitajua kwamba huji, na bahasha sitaifungua.

Viatu vyako vya zamani nimevipaka mafuta. Lango linafunguka upande ule ule. Vikombe viko mezani, na safari hii bisha hodi.

Shangazi yako,
Nest