Punje za Mzizi wa Mama

Dar es Salaam, 3 Februari 1974

Mama, shikamoo. Mimi mzima, ila nimekasirika. Ule unga wa mzizi wako wa tumbo nimeusafisha miezi minne hapa Chuo Kikuu mpaka nikapata punje zinazong'aa. Tunapitisha eksirei kwenye punje, na alama zinazotokea kwenye filamu zinaonyesha dawa imejengwaje ndani. Mwalimu wangu akaitazama filamu, akacheka. Chumvi! Mama, chumvi ya kula! Uliweka wewe? Mashine ni yangu hadi Agosti tu. Nikishindwa, shahada imekwenda. Nitumie mizizi mizima.

Mwanao, Isaka

Ulemo, 20 Machi 1974

Mwanangu, marahaba. Huku wazima, mtama si haba. Ndiyo, niliweka chumvi. Mama yangu alinifundisha hivyo: dawa haitoki nyumbani bila kuchanganywa, watu wasije wakaijua. Wewe ni wangu, lakini huyo anayecheka simjui. Na usinipigie kelele kwenye barua! Nimekung'olea yote iliyokuwa kilimani, gunia zima, maana tunahamishiwa kijiji cha ujamaa huko Shelui.

Mama yako

Dar es Salaam, 9 Juni 1974

Mama, shikamoo. Poleni na kuhama. Gunia lilifika, lakini nimehangaika! Punje ya kwanza ilipasuka. Ya pili, umeme ukakatika, filamu ikaharibika. Nimesaga mizizi yote mpaka vumbi lake. Jana ndipo punje moja ilipotoa picha safi. Mwalimu hakucheka.

Mwanao, Isaka

Shelui, 2 Agosti 1974

Mwanangu Isaka, hujambo? Sisi si wote wazima. Tangu tuhame barua yako sijaiona hata moja. Kilima chetu kimelimwa na trekta. Dina wa dada yako Hana anaharisha, macho yameingia ndani, na zahanati ya hapa ndiyo kwanza wanajenga. Barua hii anakuletea Marko, dereva wa lori. Mpe mizizi, hata kipande, anageuza siku hiyo hiyo.

Mama yako

Dar es Salaam, 4 Agosti 1974

Mama, shikamoo. Marko amesimama mlangoni, injini inanguruma. Nimepekua maabara nzima, hata kwenye pipa la taka. Hakuna. Mpelekeni Dina hospitali Kiomboi mara mpatapo barua hii. Marko amekubali kuwabeba. Dawa imejengwaje ndani sasa najua, na mtoto wa dada yangu simfai kitu. Gunia zima, Mama, na sikukuuliza kama mmejibakizia.

Mwanao, Isaka