Oili Inayopimwa Mteremkoni

Jumapili, jioni. Bariadi. Joto la kiangazi halijapoa, vumbi limekaa mpaka kwenye shuka, na mimi nina hasira ya kupiga ukuta.

Hili sijawahi kumwambia mtu yeyote, naliandika hapa kwenye simu tu: sitaki kuwa nesi.

Kila mgeni akija hapa nyumbani ataniuliza, "Mayu, ukimaliza shule utakuwa nani?" Nami naangalia vidole vya miguu yangu, nasema nesi. Wote wanafurahi. Mama anamwongezea mgeni chai. Ukweli ni kwamba nataka kufungua injini. Nataka kulala chini ya gari nijue kwa nini linalia. Dada alipokwenda chuo aliniachia simu yake ya zamani, na simu hiyo imejaa video za watu wanaofungua injini. Nazitazama bila sauti, nasoma maneno ya Kiingereza yanayopita chini.

Basi. Limetoka. Sasa niseme kilichonichosha.

Baba ana pikapu kuukuu. Ndilo linalotoa pamba yetu na ya majirani huko Ipililo, na ndilo linalotulisha. Stata yake ilishakufa, kwa hiyo linawaka kwa kushtuliwa: linaachwa liserereke, baba anaachia klachi, linaruka kidogo, linanguruma. Ili tusihangaike kusukuma kila asubuhi, linalala kwenye mteremko ulio ubavuni mwa nyumba, pua ikitazama chini barabarani. Mtaa mzima unajua pale ni pa kwake. Hata mbuzi wamezoea.

Tena baba si mzembe. Heri angekuwa mzembe! Mzembe unamwambia "pima oili" na mambo yanaisha. Huyu anapima kila asubuhi kabla ya chai. Anafungua boneti, anavuta kijiti cha kupimia, anakifuta, anakirudisha, anakivuta tena na kukiinua juani kama padri na kikombe.

"Imegonga alama," anasema.

"Gari ni matunzo, kaka," anajibu baba mdogo Masanja, mdogo wake, ambaye pia ndiye utingo wake.

Kila siku. Maneno yale yale, na mteremko ule ule.

Hakuna anayeufikiria mteremko.

Jana tulikwenda Ipililo kuchukua pamba. Kule gari huegeshwa kwenye uwanja tambarare karibu na shamba, kwa sababu wachumaji ni wengi na hawakosekani wa kusukuma. Watu walipokuwa wanakula, na injini imeshapoa, baba alinituma nikaongeze maji kwenye rejeta. Niliongeza. Kisha nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikavuta kijiti.

Ncha tu ndiyo ilikuwa imelowa.

Nikakifuta kwa upindo wa khanga, nikarudia. Ncha tu. Papo hapo nilielewa. Chukua sufuria yenye maji kidogo, iinamishe: upande mmoja maji yanapanda mpaka juu, ukitazama hapo tu utasema sufuria imejaa. Kijiti cha gari letu kimekaa upande wa mbele wa injini. Pale nyumbani gari likilala pua chini, oili yote inakimbilia mbele, kwenye kijiti. Kwa hiyo kila asubuhi baba anasomewa uongo, na anauamini kwa moyo wake wote. Injini yenyewe ni nzee, inakula oili, moshi wa bluu unatoka nyuma kila siku, na hakuna anayeongeza chochote kwa sababu "imegonga alama".

Nilitaka kusema pale pale. Lakini watu walikuwa wengi, na mimi watu wakizidi wawili ulimi unakuwa ubao.

Tukarudi na mzigo. Mimi katikati, baba kwenye usukani, baba mdogo dirishani. Njiani kuna korongo moja baya, unashuka kwenye mchanga kisha unapanda ukuta wa upande wa pili, pua ikitazama mbinguni. Tulipofika nusu ya kupanda, ng'ombe wakajaa njiani. Baba akasimama pale pale kwenye mwinuko, mguu kwenye breki, injini inaunguruma.

Taa nyekundu ya oili ikawaka.

Ningesema niliiona, lakini baba mdogo alishaibandika utepe mweusi siku nyingi, eti inamsumbua macho. Niliona wekundu wake ukichungulia pembeni mwa utepe. Kisha ikaja sauti, ka-ka-ka-ka, kama mahindi makavu kwenye debe. Hapo oili imekimbilia nyuma, bomba la kunyonya liko mbele, na pampu inavuta upepo mtupu. Vyuma vinasagana vikavu. Mwili wangu wote ulikuwa unasagana navyo.

"Baba," nikasema. "Ile taa."

"Ile ina wazimu," baba akasema. "Waya umelegea. Inawaka tukipanda tu."

Inawaka tukipanda tu! Ameona mwenyewe! Jibu analo mdomoni!

"Na sauti hiyo?" nikauliza, kidogo kidogo.

Baba mdogo akanyoosha mkono akaongeza redio. "Sasa huisikii tena," akasema. "Wabheja sana, Masanja, kwa kutengeneza gari." Akajishukuru mwenyewe, wakacheka wote wawili.

Ng'ombe wakapita. Mchungaji akatupungia fimbo, "Mwadila!" Baba akamwitikia kwa furaha kabisa. Tukafika juu, barabara ikawa sawa, taa ikazima, sauti ikaisha. Baba mdogo akanigusa bega. "Umeona, profesa? Imepona yenyewe."

Leo baada ya ibada nikajikaza. Nilimfuata baba nje, nikamwambia oili imepungua. Nilisema vizuri, nadhani hata alinisikia, maana hakunifukuza. Alinitazama kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza.

"Njoo uone kwa macho yako," akasema.

Akafungua boneti. Pale pale. Mteremkoni. Akavuta kijiti, akafuta, akachovya, akavuta, akaniwekea mbele ya pua. Imegonga alama.

"Haya, sema," baba mdogo akadakia. "Shule yote ile ya Kiingereza na kijiti kimekushinda!" Majirani wawili walikuwa wanapita, wakasimama kuangalia. Mimi niliyekuwa na maneno yote kichwani nikabaki na kamoja tu: "Sawa." Nikaingia ndani.

Sawa! Mimi huyu!

Shida yangu ni kwamba injini naijua kwa Kiingereza. Nikitaka kumweleza baba, maneno yanakuja na suruali za watu wengine, na nikijaribu kuyavua yananiponyoka. Bibi namsalimia kwa Kisukuma, na mama tunaongea Kiswahili cha vitunguu na kufua. Habari za pampu na shinikizo sijawahi kuzisema kwa sauti katika lugha ambayo baba anaizungumza akicheka. Lakini kuandika nimeweza. Nimesoma tena juu hapo, sufuria iliyoinama imeeleweka. Hata mtoto angeielewa.

Kesho alfajiri wanarudi Ipililo kuchukua mzigo uliobaki. Korongo lile lile, gari limejaa zaidi ya jana. Injini ikinoki na kufa pale kwenye mwinuko, hatuna nyingine na hatuna pa kuipata. Baba ataishia kukaa barazani akiangalia gari lililokufa, akisema hajui kosa lake ni lipi, maana oili alikuwa anapima kila siku. Hilo ndilo siwezi kulivumilia. Kucheka wanicheke tu.

Kwa hiyo naandika hivi, kwa Kiswahili chetu.

Baba, kesho kabla hujaliwasha, liache liserereke bila kuwasha mpaka uwanja wa kanisa hapo chini, ardhi ilipo sawa; kusukuma baadaye nitasukuma na mimi. Subiri kidogo oili itulie. Halafu vuta kijiti hapo. Usinisikilize mimi, kisikilize kijiti. Kikigonga alama, mimi ni mjinga, baba mdogo aniite profesa mpaka nizeeke. Kikiwa kikavu, ongeza oili kwanza ndiyo muende. Na ule utepe, baba, ubandue. Taa haina wazimu.

Nasikia kandambili barazani. Ni baba, anaburuza mguu wa kushoto akichoka. Anakuja kuuliza kwa nini sijatoka kula.

Siku zote nikisikia nyayo nalaza simu kifudifudi na kushika kitabu cha Biolojia. Kitabu kiko hapa kitandani, karibu na goti langu.

Anabisha hodi. Nimesema, "Karibu, baba."

Mwanga wa simu nimeuongeza, maana macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Nampa asome, kuanzia juu kabisa, na ile habari ya nesi ikiwemo.