Suruali ya Namba Sitini na Sita

...na ndivyo ilivyo, Dada Mi-ran, ndoa ni tamu kuliko ulivyonisimulia! Mume wangu Seong-hun huniamsha kwa chai ya shayiri, na soksi zangu huwa ameshazipasha moto kwenye sakafu yetu inayopashwa kwa chini. Hapa Taebaek theluji imefika dirishani. Kila Jumapili yeye hupanda mlima na rafiki zake na wake zao. Mimi hubaki na mama mkwe tukimenya vitunguu saumu.

Si kwamba nimekatazwa. Mama mkwe mwenyewe alininunulia suruali ya mlimani, nzuri, yenye manyoya laini ndani. Ila ni namba sitini na sita, na mimi mwili wangu unaujua, ni themanini na nane kamili. Iligoma mapajani.

"Mama, nikaibadilishe?"

"Zawadi ya mkwe hairudishwi dukani, mwanangu. Wewe punguza wali tu, itakukaa."

Seong-hun akacheka. "Mama anakupenda huyo!" Nami nikacheka.

Kununua nyingine ni kumdharau Mama, na bila suruali ya mlimani hakutokeki kwenye baridi hii. Jana Mama alinipimia wali kwa kijiko. Nina furaha, Dada, naapa, mume wangu ni asali. Lakini nalala na njaa, na mlima nauona kwenye kioo cha dirisha tu.

Nitafutie duka lenye namba yangu huko Daegu. Nitakuja niinunue mwenyewe, nirudi Taebaek nimeivaa, Mama aseme atakalo. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa mlangoni kwako, hata kama ni kwa sketi kwenye theluji.

Mdogo wako akupendaye,
Eun-suk