Msahafu Si Kitabu

Profesa wangu wa Dodoma,

Marahaba, shikamoo yako nimeipata. Huku Handeni wazima, ila bibi yako kahamia Hale kwa shangazi yako. Unaniuliza, mimi babu yako wa ukoo niliyekuzidi miaka sita tu, kama tafiti za elimu za kutoka nje zinatusaidia.

Sikia basi! Nilipomaliza kidato cha nne watu wa utafiti mmoja wa namna hiyo walinichukua kuuliza maswali nyumba kwa nyumba. Swali moja, lile lile la dunia nzima: "Nyumbani mna vitabu vingapi?" Mwanahawa, binti wa darasa la nne, akajibu, "Hakuna." Nikajaza sifuri. Natoka, naona juu ya kabati kitu kimefungwa kanga.

"Na kile?"

Akacheka. "Kaka nawe! Kile msahafu, si kitabu." Akaushusha, akausoma bila kukwama.

Sasa, shule yao haikuwa na hata kitabu kimoja cha hadithi, na shule zenye sifuri nyingi ndizo zingepewa vitabu kwanza. Niliiacha sifuri. Vitabu vilikuja. Lakini kwenye ripoti, Mwanahawa bado anatoka nyumba isiyosoma.

Wewe unayesomea hizo hesabu za tafiti, ungejaza ngapi?